Duka Lisilofungwa Usiku



Kijana mmoja wa kwaya yetu anasafiri wiki ijayo kwenda Dar kwa treni, na watu wameshaanza kumpa oda. Huyu anataka kava la simu, yule mapazia, mwingine viatu vya harusi. Siku hizi Kariakoo wanauza usiku na mchana, basi kila mtu amegeuka mshauri: nenda usiku wa manane, ndiyo bei inashuka. Alipofika kwangu kuuliza kama nami nina cha kuagiza, nilikaa kimya kidogo, nikamwambia sina. Alipoondoka nikaona afadhali niandike hapa kile nilichoshindwa kumwambia usoni.

Novemba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alikuja Nairobi, na kikundi chetu cha vijana kutoka Kigoma kilikwenda. Wanaoijua barabara ya Kibondo hadi Nyakanazi ya miaka ile, tena msimu wa mvua, sihitaji kuwasimulia. Tulifika Mwanza tukiwa rangi moja na basi. Tukavuka Sirari, tukabadilisha fedha, tukaingia Nairobi miguu imevimba.

Kabla sijaondoka, akina mama wa jumuiya yetu ndogo ndogo walinikabidhi bahasha. Nyumba 14, kila nyumba 5,000, jumla 70,000. Wengi wao ni wauza dagaa wa Kibirizi, wengine wanauza mawese Mwanga. Mnajua elfu tano inavyopatikana kwenye dagaa, hasa mwezi ukiwa mpevu na mitumbwi ikirudi mitupu. Walichotaka ni kimoja: rozari 14, nizishike mkononi Baba Mtakatifu atakapotoa baraka, kisha niwaletee. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao.

Alhamisi tarehe 26 tulikuwa kwenye Misa pale viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mvua ilitunyeshea tangu alfajiri. Jioni, kijana wa familia iliyotupokea akasema, "Twende niwaonyeshe duka ambalo halifungwi." Akatupeleka Nakumatt mojawapo, zile zilizokuwa wazi saa 24.

Jamani, mimi ni mtoto wa Ujiji. Duka kubwa kwangu lilikuwa lile la Mwanga lenye milango miwili. Hapa tulifika saa nne usiku, mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, na ndani ni mchana. Vitanda, majokofu, baiskeli, mikate ya moto, televisheni ukutani zote zikionyesha picha moja ya Papa akipunga mkono. Watu wanasukuma vitoroli polepole kama wako matembezini. Hakuna saa ukutani, hakuna anayekwambia tunafunga. Tulizunguka tukipiga picha kama watalii, na kweli tulikuwa watalii.

Halafu nikaiona spika. Spika ndogo ya bluetooth, bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu, chini yake imeandikwa 1,499. Nikaibeba. Hatua chache mbele, raba, nazo zimekatwa mstari, 1,199. Nikajaribu kumuombeleza keshia anipunguzie kama tunavyofanya Mwanga: "Dada, bei ya mwisho ngapi? Mimi mgeni, nimetoka mbali." Alicheka mpaka akamwita mwenzake. "Hapa bei imeandikwa, ndugu yangu."

Fedha yangu mwenyewe haikutosha hata nusu, na nilikuwa nimeshanunua chupa ya chai ya kumpelekea mama. Nikaenda pembeni, karibu na mablanketi, nikaifungua ile bahasha.

Nataka muelewe jinsi ilivyokuwa, maana tunapohubiriwa juu ya majaribu tunadhani shetani huja na pembe. Sikujisemea hata mara moja kwamba ninaiba. Nilijisemea kwamba ninaokoa fedha! Spika hii nyumbani ingeuzwa mara mbili yake, nikifika nitaiuza, rozari nitanunua nyingine kwa faida, na kitu kitabaki. Tena spika itatumika kwenye mazoezi ya kwaya. Niliunganisha hoja hizo zote ndani ya dakika tano, nikiwa nimesimama kwenye mwanga mweupe usiojua usiku. Mwinjili Yohane, sura ya 12, anatuambia Yuda ndiye aliyekuwa mshika mfuko, na kwamba alikuwa akichukua humo. Zamani nilidhani alikuwa akichukua huku akitetemeka. Sasa nadhani alikuwa na hesabu zake nzuri tu.

Kesho yake, Ijumaa, tulikuwa Kasarani. Fedha iliyobaki ilinunua rozari nne pale nje, na soda. Uwanja ulifurika vijana. Baba Mtakatifu aliiacha hotuba aliyokuwa ameandaliwa, akajibu maswali kwa Kihispania, mwingine akitafsiri. Alituambia tushikane mikono kuukataa ukabila, na uwanja mzima ukasimama. Alifananisha rushwa na sukari: ni tamu, tunaipenda, mwisho inatuangamiza. Tulipiga makofi sana. Mimi nilipiga makofi kuliko wenzangu, nikiwa na raba mpya miguuni.

Kisha akaeleza anachofanya imani inapoyumba. Akaingiza mkono mfukoni, akasema yeye hutembea na vitu viwili. Akatoa rozari, ya kusalia. Akatoa na Njia ya Msalaba ndogo, akaeleza kwamba hiyo ni habari ya Mungu kushindwa, kushindwa kunakoishia kwenye ufufuko.

Kila mtu karibu yangu akaanza kupekua mifuko yake, wengine wakainua rozari zao juu. Nami nikaingiza mkono. Kilichotoka kwanza ni risiti ya duka.

Nyumbani niliwapa rozari wazee wanne, wale wakubwa kabisa. Hao wengine kumi niliwaambia umati ulikuwa mkubwa, zilikwisha. Hakuna aliyeuliza fedha iko wapi. Walisema pole, mwanetu, safari ni ndefu. Mama mmoja muuza dagaa alinibariki kwa kidole gumba kwenye paji la uso, akasema kama mikono yangu ilikuwa pale, inatosha.

Spika ililia vizuri sana. Krismasi yote iliyofuata ililia.

Mwezi wa pili mama yule akafa. Malaria, siku nne tu. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na kabla halijafungwa nikaona vidoleni mwake rozari yake ya zamani, ile ambayo mnyororo wake ulikuwa umekatika akaunga kwa uzi wa nyavu, fundo juu ya fundo. Nilishindwa kuimba.

Sikwenda kuungama wiki ile. Nilitembea. Nilishuka mpaka Ujiji, nikakaa karibu na ile miembe ya kumbukumbu ya Livingstone, mahali ambapo wageni hupelekwa kuonyeshwa alipokutana na Stanley mwaka 1871. Sisi wa Ujiji huwa tunapita tu. Siku ile nilifikiri juu ya soko. Huu mji ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya kwenda pwani, na katika vilivyouzwa hapa, pamoja na pembe, kulikuwa na watu. Bei ilitajwa, mtu akapunguziwa, akakubali. Wamisionari wa Afrika walipofika Ujiji mwaka 1879 walilikuta soko hilo linaendelea.

Na nikamkumbuka Adriano Atiman, ambaye katekista wetu alipenda kutusimulia. Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi, akatekwa, akauzwa, mpaka mapadre wakamkomboa kwa fedha kule Algeria. Akasoma udaktari Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa ziwa letu hilihili upande wa kusini. Alitibu watu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtu aliyewahi kupangiwa bei sokoni. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba wamenunuliwa, na kwa gharama (1 Kor 6:20). Nilikuwa nimelisikia somo hilo mara ngapi? Chini ya ile miembe, karibu na njia ambayo binadamu walipitishwa wamefungwa, niliona aibu kwamba imani ya akina mama kumi niliiuza kwa spika na raba, tena kwa bei ya punguzo.

Ule ulikuwa Mwaka Mtakatifu wa Huruma. Baba Mtakatifu alipotoka Nairobi alikwenda Uganda, kisha Bangui, na huko tarehe 29 Novemba akafungua Mlango Mtakatifu hata kabla ya ule wa Roma. Majimbo nayo yakafungua milango yao. Katika Kwaresima nilipita kwenye mlango wetu, nikapiga foleni ya kitubio. Padre hakunigombeza. Aliuliza, "Umewarudishia?" Nikasema nimetubu. Akauliza tena swali lilelile. Zakayo alipotubu, akasema, mdomo wake ulitaja hesabu.

Mwenzangu unayesoma hapa, ukiwa umekula fedha ya jumuiya, ya kikundi, ya mchango wa msiba, usiishie kulia mbele ya Sakramenti. Lia, halafu kahesabu. Msamaha ni wa bure, lakini elfu hamsini ya watu ni elfu hamsini ya watu.

Spika niliiuza Mwanga kwa nusu ya bei. Raba zilikuwa zimeshachakaa. Nilibeba mizigo bandarini majuma kadhaa kufidia, kisha nikasimama kwenye sala ya jumuiya nikasema yote. Kimya kilichofuata sitakisahau. Mama yangu alitazama chini. Mmoja alitoka nje hakurudi, na miezi mingi hakunisalimia, nilistahili. Wengine walipokea elfu tano zao, wawili wakazitia kwenye mfuko wa wagonjwa. Nilikwenda pia kwa binti wa marehemu. Akasema, "Weka hapo mezani." Hakusema neno jingine.

Nasikia lile duka lisilofungwa lilikuja kufungwa. Kufikia 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa zikibaki tupu, na mwanzoni mwa 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Sifurahii, maana kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi mle, pamoja na yule dada aliyenicheka. Ila nikipita kanisani usiku, nikaona ile taa nyekundu kando ya tabernakulo, huwa nalikumbuka.

Mwaka uliofuata, kuelekea Pasaka, mwenyekiti wa jumuiya aliniita. Walikuwa wanahitaji mishumaa, na siku hiyo kijana mwenye nafasi nilikuwa mimi tu. Akanipa 15,000. Nilikwenda Mwanga, nikanunua, nikarudi na mishumaa, risiti, na chenji ya shilingi 700. Alizipokea, akazihesabu mbele yangu, akazihesabu tena. Kisha akanikaribisha chai.