Pishi ya Kesho
Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika wa Kilutheri nje kidogo ya mji wa Moshi, na ndimi ninayerekodi na kuchanganya nyimbo zetu. Mwaka 2025 kwaya ilinikabidhi fedha za kununua kompyuta. Zilikuwa fedha za mnada: mikungu ya ndizi, trei za mayai, kuku waliofungwa miguu, vyote vikinadiwa uwanjani baada ya ibada na mara nyingi kununuliwa na walewale waliovileta. Fedha ya namna hiyo huishiki kwa mkono mwepesi.

Laptopu yangu ya zamani, ya Windows, ilikuja na RAM ya GB 4. Mwaka 2019 fundi aliifungua kwa bisibisi, akapachika kipande kingine cha GB 8, na kabla chai haijapoa nikarudi kazini. Safari hii niliazimia kuhamia MacBook Air kwa sababu haina feni. Chumba chetu cha kurekodia ni stoo ya viti iliyotundikwa mablanketi ukutani, na feni ya ile ya zamani ilisikika nyuma ya sauti ya kwanza. Programu haikunisumbua: FL Studio inafanya kazi kwenye Mac tangu 2018, na leseni ni ileile. Diski ya nje ndiyo iliyotaka maandalizi. Mac husoma mfumo wa NTFS lakini haiandiki humo, hivyo nilihamisha nyimbo zote, nikaifuta diski na kuipanga upya kwa exFAT, kisha nikazirudisha.

Likabaki swali moja. RAM ya MacBook Air haiongezwi. Imeunganishwa na prosesa tangu kiwandani. Utakayoichagua siku ya kununua ndiyo utakayokuwa nayo mpaka mashine ife. Ile yenye prosesa ya M4 ilianzia GB 16, na uliweza kuagiza 24 au 32. Hatua ya kutoka 16 kwenda 24 ilikuwa dola 200 kwa bei ya Marekani. Kwetu hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 450,000, kabla ya usafiri na ushuru.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: chukua kubwa, usije ukajuta. Nikampelekea mhazini wetu hesabu ya GB 24.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Hii inayozidi ni ya kazi gani?”

“Ni ya kesho, mama.”

“Kesho ipi?”

Sikuwa na jibu, na swali lake nikarudi nalo nyumbani.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili habari ya mana: kila mtu pishi moja, na aliyebakiza hadi asubuhi akaikuta imeingia mabuu. Siku zote niliifundisha kama habari ya ulafi. Usiku ule niliwaona watu wale kwa sura nyingine. Walikuwa wazazi. Walitazama jangwa, wakawatazama watoto wao, wakaficha kidogo chini ya kifuniko. Ningefanya hivyohivyo.

Lakini Maandiko hayohayo yanamsifu Yusufu, aliyetenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Kwa nini ghala lake halikuoza? Nadhani ni kwa kuwa Yusufu alikuwa ameambiwa. Njaa ilishatajwa, na idadi ya miaka yake. Hata kule jangwani, siku ya sita waliokota pishi mbili na hazikuharibika, kwa kuwa habari ya kesho ilishatangazwa: ni Sabato. Anayejiwekea kwa ajili ya jambo analolijua anaweza kupima. Anayejiwekea kwa hofu hana kipimo, kwa sababu hofu haijui kusema basi. Ningenunua 24, ingeniuliza kwa nini si 32.

Basi nikaanza na ninachokijua. Nilifungua wimbo wetu mzito kuliko yote, wa Krismasi, wenye treki 46: sauti nne zilizorudiwa mara kadhaa, kinanda, ngoma na kayamba. Nikatazama RAM inayotumika. Pamoja na Windows yenyewe, ilikuwa GB 9.

Nikachukua 16. Hifadhi ya ndani nikaiacha GB 256, kwa kuwa nafasi ya kuwekea nyimbo unaweza kuiongeza nje wakati wowote. Nikanunua SSD ya nje ya TB 1.

Kijana wetu wa kinanda hakukubali, na hoja yake ina uzito: nikikosea, hakuna bisibisi itakayonisaidia, itabidi kuku wanadiwe tena kwa ajili ya mashine nzima. Sikumshinda. Nilichofanya ni kurudi kwa mhazini na kumwambia kwamba kompyuta hii ikinielemea kabla ya miaka mitano, nitasimama mbele ya kwaya niseme nilikosea mimi. Mama alivaa miwani, akayaandika maneno hayo kwenye daftari, chini ya zile shilingi zilizobaki. Nazo zimenunua maikrofoni ya waimbaji wa besi, ambao miaka yote walikuwa wakiimbia moja na wale wa sauti ya tena.