Kuogopa Eropleni na Kuwa Mwoga

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyotoka katika shina moja, nayo ni kuogopa na mwoga. Kuogopa ni jambo limpatalo mtu kwa wakati wake, kama homa. Mwoga ni jina apewalo mtu kwa ajili ya tabia yake, nalo huweza kumfuata hata kaburini. Hapana mtu asiyeogopa kitu, walakini si kila mtu ni mwoga. Zikiwa ni habari za simba au za vita, tofauti hii twaiona upesi. Lakini zikiwa ni habari za kusafiri kwa eropleni, maneno haya mawili huchanganywa, na mtu mzima, mwenye watoto na shamba na heshima kijijini, huchekwa kwa kuwa mikono yake ilitetemeka alipofunga mkanda wa kiti. Wengine huongeza neno zito zaidi, wakisema ya kuwa hana imani. Napenda kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki.

Kwanza tutazame hofu hii yatoka wapi. Wengi hudhani kwamba hofu ni mizani ya hatari, ya kuwa hatari ikizidi na hofu huzidi. Sivyo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria ya kuwa katika mwaka wa 2021 watu wapata 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote. Na mwaka wa 2017 ulipita bila abiria hata mmoja kufa katika ajali ya eropleni kubwa za jeti zichukuazo abiria kwa safari za kawaida. Hata hivyo mtu yule yule apandaye pikipiki bila kofia, nyuma ya kijana asiyemjua jina, tena usiku na mvua inanyesha, hukosa usingizi siku tatu kabla ya safari ya angani.

Basi hofu yapima nini? Yapima mambo mengine kabisa. Juu ya pikipiki mtu aweza kusema, "Nishushe hapa," naye akashushwa. Katika eropleni mlango ukiisha kufungwa neno hilo halina maana tena. Rubani haonekani, sauti yake tu husikika. Chini hapana ardhi, na miguu ya binadamu imezoea ardhi tangu alipojifunza kutambaa. Mashine hubadili mlio wake, naye abiria hajui kama mlio huo ni wa heri au wa shari. Kwa hiyo mwili hufanya kazi yake ya zamani: moyo hupiga mbio, viganja hutoa jasho, kinywa hukauka. Mwili huo si adui, ila ni mlinzi asiyejua kusoma, apigaye kelele kwa kila mgeni, awe mwizi au mwalimu.

Tena wako watu wenye kumbukumbu. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mfikirieni mtu wa Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli iliyoitwa kwa jina la mji wake ilizama karibu na Mwanza, ikafa na watu mamia kwa mamia. Tarehe 6 Novemba 2022 eropleni iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Ndani yake walikuwamo watu 43. 19 walikufa, na miongoni mwao marubani wote wawili, na 24 waliokoka. Wavuvi walikuwa katika watu wa kwanza kuwafikia kwa mitumbwi yao. Mtu aliyesimama ufukoni siku ile akaona mkia wa eropleni umetokeza juu ya maji, nani atamwambia kwamba hofu yake ni upuuzi? Lakini mtu huyo akitaka kwenda Dar es Salaam atapita wapi? Majini pana kumbukumbu, angani pana kumbukumbu. Imebaki barabara, zaidi ya kilomita 1,300. Nayo ndiyo yenye hatari kupita zote, ila huua mmoja leo na watatu kesho, mahali mbalimbali, na kwa hiyo haina siku yake ya maombolezo. Hivyo hofu humtoa mtu mahali palipo salama zaidi ikampeleka mahali palipo na hatari zaidi, naye huko njiani husinzia kwa amani.

Jambo hili si dhana tupu. Tarehe 11 Septemba 2001 watu waovu waliziteka eropleni nne katika Marekani wakaziangusha. Baada ya siku ile Wamarekani wengi waliacha kusafiri kwa eropleni wakashika motakaa zao. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alihesabu vifo vya barabarani vya miezi kumi na miwili iliyofuata, akaona ya kuwa watu wapata 1,500 walikufa kupita kiasi cha kawaida, yaani wengi kuliko wote waliokuwamo ndani ya eropleni zile nne. Hao hawakuandikwa katika jiwe lolote la ukumbusho. Kila mmoja alidhani amechagua njia ya usalama.

Sasa nalirudia swali la haki. Je, mtu aogopaye na akakataa kupanda, amekosa? Mimi naona ya kuwa jibu halimo katika hofu yenyewe, ila katika kuuliza ni nani alipaye gharama yake. Dennis Bergkamp, mchezaji mpira mashuhuri wa Uholanzi, aliacha kusafiri kwa eropleni katika miaka ya 1990. Alipoingia Arsenal mwaka wa 1995 jambo lake lilijulikana na wote. Alikosa michezo mingi ya ugenini katika nchi za mbali, na pengine alisafiri kwa motakaa mwendo mrefu wakati wenzake walikuwa wamekwisha fika na kupumzika. Walimtania, lakini hakujificha nyuma ya maumivu ya mguu ya uongo. Sehemu kubwa ya gharama aliibeba mwenyewe, na wenzake walijua mapema ya kuwa siku fulani hatakuwapo. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ubawa ni wake. Simwiti huyo mwoga.

Lakini tuseme ni mzazi, na mtoto wake amelala mahututi katika zahanati ya mbali, na eropleni ya madaktari imetua kiwanjani. Kazi ya madaktari warukao ilianzishwa katika Afrika Mashariki mwaka wa 1957, nayo imewaokoa watu wengi ambao barabara ingewaua. Mzazi akisema, "Ngojeni kwanza, tutatafuta gari," gharama ya hofu yake hailipi yeye. Hulipa mtoto. Hapo ndipo kuogopa kuanzapo kugeuka kuwa kitu kingine. Vivyo hivyo mtu aliyemwacha mama yake azikwe bila yeye, akatoa sababu ya kazi wakati sababu ilikuwa eropleni; ndugu zake wamebaki wakidhani hakumpenda mama. Hofu haikumwaibisha kama alivyoaibishwa na ule uongo wa kuificha.

Kwa habari ya wale wasemao kwamba aogopaye hana imani, nasema machache tu. Imani si dawa ya kuuzuia mwili usitetemeke. Mtu aingiaye hali anatetemeka ametumaini kuliko yule aingiaye akipiga miluzi kwa kuwa hakufikiri neno.

Je, na atakaye kupanda lakini mwili unakataa afanye nini? Mlinzi asiyejua kusoma hafukuzwi kwa matusi, hufundishwa. Na ajue jambo hili: kila mara akimbiapo, mwili hufurahi, nao hujifunza ya kuwa umepona kwa sababu ya kukimbia; safari ya pili hofu huwa imenenepa. Bali akikaa nayo bila kukimbia, hofu hupanda hadi kilele chake, kisha hushuka yenyewe, maana mwili hauwezi kupiga kelele kwa nguvu moja saa nzima. Kwa hiyo safari fupi ifaa kwanza, kabla ya ndefu. Na avute pumzi polepole kwa pua, na kuitoa polepole zaidi ya alivyoivuta, wala asiikaze mikono juu ya kiti kana kwamba yeye ndiye aishikiliaye eropleni isianguke. Apunguze kahawa, kwa kuwa nayo huupigisha moyo mbio. Pombe, ambayo wengine huitumia kama ngao, huifunika hofu bila kuipunguza, na mtu hushuka akiwa na kichwa kizito na hofu ile ile.

Tena ajifunze mambo ya chombo chenyewe. Eropleni ikirukaruka angani, ni msukosuko wa hewa, kama gari lipitalo barabara ya makorongo. Mabawa hutengenezwa yapate kupinda na kurudi, na kabla ya aina mpya kuruhusiwa kuchukua abiria mabawa yake hujaribiwa kwa nguvu kupita zile za safari. Ila mkanda na ufungwe, maana wengi waumizwao na msukosuko ni wale wasioufunga. Hata mashine zikizimika, eropleni haianguki kama jiwe. Tarehe 24 Agosti 2001 eropleni moja iliyotoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta juu ya bahari ya Atlantiki, mashine zote mbili zikazima. Ilielea hewani kama mwewe asiyepiga mabawa kwa muda wa dakika 19 hivi, ikatua katika visiwa vya Azores, na watu wote 306 waliokuwamo wakapona. Na ikiwa hofu imezidi mno, mganga wa hospitali aweza kumpeleka kwa watu waliosomea mambo haya, na si aibu.

Mwisho nina neno kwa ninyi msioogopa, ambao mtaketi karibu na aogopaye. Msimhesabie ajali mlizozisikia redioni. Msimwambie, "Si kitu," maana kwake ni kitu. Mwelezeni mlio wa magurudumu yakunjwapo baada ya kuruka, asije akadhani kitu kimekatika. Na kama amefika mlangoni akashindwa, mwacheni arudi bila kicheko. Siku nyingine nendeni naye kiwanjani bila tiketi, mkae uani chini ya mti, mzitazame zikitua na kuruka tena, mpaka masikio yake yazoee.