Mgonjwa Naye Apewe Jembe

Mgonjwa wa saratani anayetibiwa mbali na kwao ana neno ambalo mapema au baadaye atalitoa, mara nyingi usiku, amegeukia ukutani: "Baba watoto, nimekuwa mzigo kwako." Na mwenzake ana jibu ambalo hulitoa papo hapo: "Usiseme hivyo." Basi, yanaishia hapo. Kila mmoja analala na lake, na wote wawili wanajua kwamba hakuna kilichojibiwa.

Mimi naona lile neno la mgonjwa ni swali, tena swali zito. Je, mtu anaweza kuwa mzigo kwa mwenzi wake wa ndoa? Wenye huruma husema haiwezekani, penye mapenzi hakuna mzigo. Sikubaliani nao. Chukua mume na mke waliopanda basi kutoka Kasulu na karatasi ya rufaa, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, mpaka kwenye lile jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 linalotazama bahari, ambalo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mke ana saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano hivi. Kila wiki dripu ya kemo. Halafu mionzi ya ndani. Mashine yenyewe inamhitaji dakika chache kwa siku. Saa zilizobaki ni za benchi, za daladala na za kutafuta chakula. Huko nyumbani mahindi yanapaliliwa na watoto, au hayapaliliwi kabisa. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akishika hesabu za nyumba. Bei ya gunia anaijua kuliko mumewe. Ukimwambia hakuna mzigo, umemfanya mtoto mdogo.

Kwa hiyo tukubali kwanza: mzigo upo. Ila ugonjwa ndio mzigo, na unaweza kubebwa na wawili. Kinachomgeuza mgonjwa mwenyewe kuwa mzigo ni kuondolewa kwake miongoni mwa wanaoubeba. Siku anapoacha kuulizwa, kutumwa, kugombezwa na kugombeza, siku hiyo amegeuzwa kitu cha kubebwa. Na wanaomfanyia hivyo mara nyingi ni wale wanaompenda sana.

Kuugulia nyumbani huficha jambo hili. Kijijini ugonjwa hugawanyika bila mtu kukaa kikao: wifi anapika, shangazi anamwogesha, jirani anachota maji, mashoga zake wanakuja kukaa tu na kusengenya kidogo, na mgonjwa anacheka. Ugenini yote hayo yanamwangukia mtu mmoja. Mwanamume ambaye maishani hakuwahi kufua kanga yenye damu sasa anaifua, tena kwenye bomba la uani mbele ya wapangaji. Anajifunza kumwogesha mkewe kwa kuzungukia zile alama za kalamu walizomchora kwenye ngozi kwa ajili ya mionzi, maana hazitakiwi kufutika. Mke akilazwa wodini, usiku mume hana nafasi katika wodi ya wanawake. (Watu humsifu sana mwanamume wa namna hii. Wake wanaowauguza waume zao kwa kazi ileile hawasifiwi na mtu, na sioni kwa nini yeye asifiwe zaidi.)

Wengi wa wanaokuja kutibiwa kutoka mbali hufikia kwa ndugu: mpwa aliyepanga vyumba viwili Gongo la Mboto, ana mke na watoto. Hapo ndipo methali ya zamani inapoanza kuwasha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba katika jamii zetu kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakukuwa na nafasi ya kupe. Wengi tunaisoma hivyo hadi leo, kama onyo kwa wavivu, na mgonjwa anayelala sebuleni kwa watu wiki ya nne anaisikia hata isipotamkwa. Lakini itazame upande wa pili. Anayepewa jembe siku ya tatu amepandishwa cheo. Siku mbili alihudumiwa kama mtu wa nje. Sasa anaitwa shambani pamoja na wenye nyumba. Ambaye hapewi jembe kamwe ndiye anayebaki mgeni, na ugeni ukizidi siku zake ndio huo mzigo tunaouzungumzia.

Mgonjwa naye apewe jembe, basi. Kwa uwezo wake, lakini jembe la kweli, lisiwe la kumfurahisha tu.

Nitatoa mfano wa mama mmoja niliyemwona katika ua wa nyumba kama hiyo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mbali na jiko, upande ambao upepo hautamletea harufu ya dagaa, kwa sababu kemo ilikuwa imemfanya asiweze kuivumilia harufu hiyo. Chumvi kwake ilikuwa na ladha ya chuma. Lakini alijua kwa kutazama mvuke tu kwamba maji ya ugali hayajachemka. "Subiri. Bado. Sasa weka unga." Mumewe aliweka. Ulipoiva, mama alimkalia mumewe kooni mpaka akala, huku yeye mwenyewe akionja uji vijiko viwili. Ukiuliza nani alikuwa akimtunza nani pale uani, jibu halitakuwa jepesi.

Hata benchi la mionzi lina jembe lake. Wanaopigwa mionzi ya nyonga huelekezwa wawe na mkojo kibofuni wakati wa kuingia. Maana yake ni hesabu: namba ngapi zimebaki, ninywe maji sasa au baada ya wawili? Foleni ikikwama, kibofu hakisubiri. Unakwenda msalani, unaanza upya. Mgonjwa wa wiki ya tatu ndiye mtaalamu wa hesabu hii. Aliyefika jana anakaa karibu naye, anaambiwa kunywa lini na avae nini, na yule wa wiki ya tatu kwa muda huo ni mtu anayetegemewa. Mume mwenye busara hamkatizi mkewe hapo kwa kumwambia apumzike.

Hayo ni majembe madogo. Kubwa ni fedha. Nimeshuhudia nyumba ambamo mume aliuza kiwanja kimyakimya ili mgonjwa asiumie moyo. Nia njema, sikatai. Lakini kiwanja kilikuwa chao wawili, na ugonjwa ni wake. Kumficha ni kusema kwamba ndoa imesimamishwa mpaka apone. Mgonjwa hupewa habari za ng'ombe aliyezaa na mjukuu aliyeota meno, wakati maamuzi ya maisha yake yanafanyika kwenye kundi la WhatsApp ambalo yeye hayumo.

Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay, katika kitabu chake Love's Labor cha mwaka 1999, alisisitiza kwamba anayemtunza mtu tegemezi naye hulazimika kuwategemea wengine, hivyo jamii inamdai mtunzaji matunzo. Ni kweli, na mpwa wa Gongo la Mboto analijua hilo bila kusoma kitabu. Ningeongeza kwamba mgonjwa naye yumo katika jamii hiyo. Ana haki ya kumtunza anayemtunza, hata kwa kumwambia tu kalale, leo nitakwenda na mama wa chumba cha pili.

Atakuwepo mtu atakayeuliza: na yule asiyeweza hata kuinua kichwa? Hapo majembe yote yamekwisha isipokuwa moja, nalo ni kusema anataka nini. Kuendelea, au kurudi Kasulu. Jembe hilo la mwisho linatisha, na ndiyo maana ndugu humnyang'anya mgonjwa hilo kwanza. Wasimnyang'anye. Akinyamaza, iwe amechagua kunyamaza.

Kwa hiyo wewe unayeuguza mwenzako mjini wiki hii, akikuambia amekuwa mzigo, usimkatize. Mletee daftari la matumizi. Mwonyeshe kilichotumika, kilichochangwa na kinachodaiwa, umuulize ni nini kiuzwe, na kama kiuzwe. Na kabla ya kuuza chochote, ulizeni hospitalini iliko ofisi ya ustawi wa jamii, mwende wote wawili.