Ramadhani 17: Fidia ya kalamu



Leo ni siku ya Badr. Vita vyenyewe tunavisimulia kila mwaka, leo tuangalie kilichofuata: mateka wapatao 70, watu waliokuja kuwaua Waislamu. Fidia ya mtu mmoja ilifika hadi dirham 4,000, na Madina ilikuwa na dhiki, muhajirina wengi wameacha mali zao Makka. Hela ilitakiwa kwelikweli. Lakini kwa wale wasio na kitu ila wanajua kuandika, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwawekea fidia nyingine: kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kuandika, kisha aende zake. Hebu fikiria. Wangeweza kupewa majembe wakahudumie mitende mpaka wazeeke. Inasemwa Zayd bin Thabit ni mmoja wa waliojifunza hivyo, na ndiye baadaye aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Sasa tuje kwetu. Serikali ikibanwa na fedha, gerezani haipunguzi ukuta wala kufuli. Darasa ndilo huondoka kwanza, maana halina wa kulipigia kelele. Marekani mwaka 1994 sheria iliwatoa wafungwa kwenye ruzuku ya masomo ya chuo, ingawa walikuwa wakichukua chini ya asilimia 1 ya fungu lote. Wakarudishiwa 2023, karibu miaka 30 baadaye. Hapo katikati, 2013, taasisi ya RAND ilipitia tafiti nyingi ikakuta waliosoma jela walikuwa na uwezekano wa kurudi ndani pungufu kwa asilimia 43.

Na hapa nyumbani, Julai 2018, hayati Rais Magufuli alimwambia Kamishna Jenerali mpya wa Magereza kwamba wafungwa wafanye kazi, wajilishe wenyewe. Wengi tulishangilia. Mimi pia. Kazi si dhambi, ila jembe peke yake mtu alilijua hata kabla hajafungwa.

Najua unachosema moyoni. Mwanangu anadaiwa mchango shuleni, halafu mwizi aliyebeba kahawa yangu ikiwa bado imeanikwa asomeshwe bure? Hasira hiyo naielewa, na sitakwambia uifute. Ila jiulize, hakimu alimhukumu nini? Miaka miwili, tuseme. Alinyang'anywa uhuru. Hukumu haikusema abaki hajui kusoma. Darasa likifutwa kwa sababu ya bajeti, ameongezewa adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitamka, na wala hana pa kuikatia rufaa. Kisha anashuka kwenye basi hapa hapa Kagondo. Hashuki Dodoma.

Halafu pale Madina mfungwa na mtoto hawakugombania kalamu. Mfungwa ndiye alikuwa mwalimu. Ng'ambo ya ziwa letu, gereza la Luzira, Susan Kigula alikuwa amehukumiwa kunyongwa, na akiwa ndani alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London na kuwasaidia wenzake kwenye kesi zao. Alitoka 2016.

Surat al-Insan inamtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima. Utasema aya ile inazungumzia chakula. Sawa. Lakini sisi kila Ramadhani tunajua kupeleka tende na mchele, na mwaka mzima hatuulizi kama kuna anayemfundisha mtu pale hata kuandika jina lake.

Bajeti inasomwa Juni, mbunge tunaye, tumuulize. Kwa sasa, mwenye uwezo alete daftari, kalamu za wino, au vitabu vya kusoma vya madarasa ya mwanzo, hata vilivyotumika mradi visiwe vimechanika, kwa katibu wa msikiti kabla ya Ijumaa. Kibali tutaomba kwa mkuu wa gereza Bukoba, maana hakuna kinachoingia bila yeye. Na kama wewe ni mwalimu mstaafu na miguu bado inakubali safari, tuonane leo baada ya tarawehe.