Mwongozaji Akisema Turudi

Chai yako ya asubuhi ikichemka, huko milima ya Alps, kwenye njia ya Haute Route kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, msafara wa skii umeshatoka gizani kwenye kibanda ulimolala. Wanawahi kwa sababu jua likipanda, theluji hulegea na huweza kuporomoka.

Chini ya skii wamebandika vitambaa vya manyoya yaliyolala upande mmoja: vinateleza kwenda mbele, vinagoma kurudi nyuma. Wamefungana kamba, maana weupe ule wa theluji huficha nyufa za barafu za kummeza mtu mzima.

Mwongozaji hutangulia, huchoma theluji kwa fimbo. Mimi humheshimu zaidi anapotazama mteremko mzuri, kisha akasema, “Turudi.” Wageni wamelipa, wamechoka, wanakiona kibanda cha pili kwa mbali. Anageuza skii zake. Nao wanageuka.