Je, Kujidanganya ni Dhambi?

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa mjini Likasi, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe vichwani, na mitaa hujaa nyimbo. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1967. Apataye chini ya 50 kwa 100 hapewi diploma. Wazazi wamelipa karo miaka mingi, wengine kwa kuuza makaa na unga. Basi mzigo wa kijana asiyemwagiwa poda si mdogo.

Huyo hulala, akisema kichwa kinamwuma. Kesho yake asema mwalimu alimchukia. Keshokutwa asema diploma haina faida, kwani hata wenye diploma hawana kazi. Siku ya nne asema nyanya yake, mama wa baba yake, amemroga.

Je, asema uongo? Si kwa jinsi ya mwizi. Mwizi ajua alichoiba. Kijana huyu amejidanganya mwenyewe kwanza, ndipo akawadanganya wengine. Anna Freud wa mji wa Vienna, aliyewahi kuwafundisha watoto shuleni, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1936, akaeleza ya kuwa nafsi hujikinga na maumivu pasipo mwenyewe kujua. Lakini habari yenyewe ni ya zamani: Adamu alipoulizwa alimtaja mwanamke, na mwanamke akamtaja nyoka.

Jicho hufumba lenyewe mbele ya vumbi, wala hiyo si dhambi. Dhambi yataka mtu ajue na kukubali kwa hiari. Tena kichwa huweza kuuma kweli kwa sababu ya hofu, kijana asichekwe.

Lakini vumbi likiisha kutulia, na jicho likazidi kufumbwa, hapo neno ni lingine. Kijana ameonyeshwa daftari lake: kurasa za hesabu ni tupu. Ameona. Akishikilia bado neno la uchawi, hajikingi tena, bali amemtwika mzee asiye na hatia mzigo wake mwenyewe. Na katika Kongo wazee, hata watoto wadogo, wamefukuzwa nyumbani kwa neno kama hilo.

Pengine kijana huyo ni mkatekumeni, angojea Ubatizo wa Pasaka. Akitubu kweli, maji matakatifu yatamwondolea dhambi zote. Lakini jina la nyanya yake, lililochafuliwa mbele ya majirani, halioshwi na maji hayo. Sharti asimame mbele ya majirani wale wale, aseme: "Nyanya hakuniroga. Sikujifunza hesabu."