Kabla Hujajenga Kando ya Korongo

Mjukuu wangu, nimesikia umepata shamba kule Makanya na kwamba utakaa peke yako hadi uvune. Sikuzuii. Mimi babu yako nilikaa pale misimu kumi na mmoja, na jembe, sufuria na mbwa. Nakuomba tu usipige hata kigingi kimoja kabla hujalitembea korongo kwa miguu, toka shambani kwako mpaka Bangalala huko juu, likiwa limekauka.

Tazama mashina ya migunga: vijiti na majani makavu yaliyonasa huko juu ya kichwa chako ndiyo kimo cha maji. Shika mchanga. Penye kokoto maji yalipita kwa nguvu. Penye tope laini lililopasukapasuka kama kisigino yalituama, na hapo mahindi yako yatapata unyevu. Ukingo uliokatwa wima kwenye kona, upande wa nje, unaliwa kila mwaka hata ukionekana imara kama ukuta. Usilale juu yake.

Mwaka unaofuata litembee tena. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Msimu wangu wa kwanza mkondo ulipita kusini mwa mkwaju mkubwa, nikajenga kibanda kaskazini, nikatulia. Ikaja El Niño, mwisho wa 1997. Jioni moja Makanya halikudondoka tone, nyota zilikuwa wazi. Mvua ilikuwa juu milimani, upande wa Vudee. Usiku nikasikia ngurumo, nikajiambia ni garimoshi la mizigo. Lakini garimoshi halinuki udongo mbichi. Nilipotoka maji yalinifika magotini, na kulipokucha mkondo ulikuwa kaskazini, palipokuwa kitanda changu. Mto ule hushuka na udongo wa milimani. Kila gharika huacha tope njiani, njia hunyanyuka kidogo kidogo, hadi siku maji yanapoona kando ni chini kuliko yalikozoea kupita.

Sasa hilo la kukaa peke yako. Wenye ndiva, yale mabwawa madogo, kule Bangalala, wanaokinga maji usiku ili wamwagilie mchana, huyaona maji kabla yako. Nenda kawasalimie mapema, shikamoo kwa wazee, uombe namba za simu. Mimi nilipenda ukimya kupita kiasi. Usiku ule huko juu hakuna aliyejua kwamba korongoni kuna mtu amelala. Tena lile boma la matawi na udongo la kugeuzia maji yaingie mashambani halijengwi na mtu mmoja. Likibomoka, na litabomoka, wanaoamka usiku kulirudishia ndio wanaopata zamu ya maji. Amka nao.

Mkwaju ungalipo. Kila maji yaliposhuka nilichonga alama kwa panga, na ya 1997 inapita bega langu. Zako anzia upande wa mashariki, kwangu pamejaa.